Msiba Usiokuwa na Kilio

Mhadhara kwa wanafunzi, walimu, wachungaji na familia, Mulungwishi



Mtu akifa kwetu, kila mmoja anajua la kufanya. Jua halijatua, hema limefungwa uani, viti vimeazimwa kanisani, akina mama wamewasha moto na wanasonga bukari kwa ajili ya watu ambao hata hawajawahesabu, na wanaume wamekaa nje wakiota moto mpaka usiku wa manane. Jirani aliyekuwa hasalimiani na marehemu anakuja na mkeka wake. Mjane hatakiwi kujibu maswali, hatakiwi kupika, hatakiwi kujikaza. Akilia, wanalia naye. Akinyamaza, wanakaa naye kimya. Halafu inafika siku ya kuondoa kilio: ukoo unakutana, madeni yanatajwa, watoto wanapewa wa kuwatunza, watu wanarudi makwao. Anayesomea saikolojia akikitazama kilio hicho ataona kazi kubwa imefanyika. Mfiwa amepewa ruhusa ya kuumia mbele za watu, amepewa watu wa kumshika, na amepewa siku ambayo maisha yanaanza tena.

Neno langu la leo ni moja. Katika nchi hii yetu ya Katanga, tangu miaka ya 1990, familia nyingi zimefiwa na kazi, na hakuna aliyekuja kuketi nazo. Msiba huo haukutangazwa wala haukuondolewa. Umebaki ndani ya nyumba. Wanaume waliokuwa vijana wakati ule leo ni wazee, watoto wao wana watoto, na bado wachungaji wananieleza habari za ndoa zilizokauka, wababa wasiozungumza, vijana wasiosikia la mtu. Nami nikisikiliza mpaka mwisho, mara nyingi nakuta habari inaanzia kwenye mshahara uliokatika.

Ili tuelewe uzito wa msiba wenyewe, tukumbuke ilikuwa kazi ya namna gani. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na shaba yake ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi 1911. Miaka ya mwanzo wanaume waliletwa kwa mkataba mfupi, bila wake zao, na wengi walikufa kwa magonjwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikageuza mwendo: ikataka mfanyakazi akae, alete mke, azae watoto kambini, na watoto wale waje kuwa wafanyakazi baada yake. Ikajenga nyumba, hospitali, shule, na nyumba za kuwafundishia akina mama kushona na kulea. Ikatoa poso, chakula kilichopimwa kulingana na mke na idadi ya watoto. Hata baada ya serikali kuitwaa kampuni 1967, na jina la Gécamines kuja baadaye, mpango ulibaki uleule. Watu wakasema Gécamines ndiyo baba, ndiyo mama, na hawakusema kwa mzaha.

Baba huyo alikuwa mkali. Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma kudai nyongeza ya mshahara, askari wa koloni waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira Lubumbashi, na huku Likasi, iliyoitwa Jadotville siku zile, damu ilimwagika pia. Nasema hivi ili mtu asinielewe kwamba naililia koloni. Ninachotaka mwone ni jinsi maisha ya mtu mmoja yalivyofungwa yote kwenye kamba moja. Mwanahistoria wetu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alichapisha 2001 kitabu kizima juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na ukikisoma unaona jambo ambalo wengi wetu tulilihisi bila kulisema: mamlaka ya baba nyumbani yaliegemea kampuni. Mtoto alimheshimu baba aliyeleta poso. Mke alitibiwa kwa sababu jina lake limeandikwa kwenye kadi ya mume. Kampuni ilipoanguka, baba aliyeanguka nayo alikuwa mezani, mbele ya watoto wake.

Na ilianguka haraka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mwaka uliofuata uporaji ukaenea mijini, na katikati ya miaka ya 1990 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa miezi, ikapotea. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walitia sahihi kwa kuwa walikuwa na njaa.

Katikati ya miaka hiyo kuna jeraha lingine ambalo ni vigumu kulitaja mbele ya watu, na kwa sababu hiyohiyo nalitaja. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa. Waliozaliwa hapa, waliosoma hapa, walilala miezi kwenye stesheni ya Likasi wakisubiri treni. Ndoa za watu wa makabila mawili zilipasuliwa: mama akabaki, baba akapanda behewa, watoto wakagawanywa. Waliofukuzwa walipoteza nyumba na majirani. Waliobaki nao walipata hasara isiyosemwa, maana mtu aliyeona jirani yake akitolewa, akanyamaza, hubeba kimya kile miaka mingi. Wapo katika ukumbi huu wanaojua ninachosema.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Marienthal ni kijiji cha Austria, kusini mwa Vienna. Kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda kikafungwa kati ya 1929 na 1930. Kundi la watafiti vijana, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakiwemo, lilikwenda kuishi na watu wa kijiji, na kitabu chao kikatoka 1933. Mmoja wao alisimama dirishani na saa mkononi akapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume, ambao sasa walikuwa na muda wote, walitembea polepole na kusimama kila baada ya hatua chache. Wanawake walitembea haraka kuliko wao, kwa sababu nyumba haikuwafukuza kazi. Waliombwa kuandika walichofanya tangu asubuhi, na wanaume wengi hawakukumbuka. Wangetazamiwa kusoma zaidi, kwa vile muda upo. Kumbe vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua karibu nusu kati ya 1929 na 1931.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza alichojifunza pale. Kazi, alisema, humpa mtu fedha, lakini humpa pia mambo ambayo hayahesabiwi kwenye karatasi ya mshahara: inaigawa siku yake, inamkutanisha na watu nje ya ukoo, inamfanya ashiriki lengo kubwa kuliko lake, inamwambia yeye ni nani, na inamlazimu aamke. Ondoa kazi, na vyote vitano vinaondoka asubuhi moja.

Waliokuwa kwenye kambi za Panda au Shituru, huku Likasi, wanazijua habari hizi bila kwenda Austria. King'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa ya mji. Mama aliweka sufuria jikoni kwa king'ora, watoto walikimbia njiani kumpokea baba kwa king'ora. Kilipokoma, kuna wanaume waliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, wakavaa, wakakaa kitandani wamevaa.

Nilikaa siku moja na mzee mmoja huko Panda. Alitoa chini ya kitanda mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani yake karatasi za mshahara zimepangwa mwaka kwa mwaka, kadi ya hospitali ya kampuni yenye majina ya watoto, na barua ya 2003 iliyochakaa kwenye mikunjo. Alinitajia namba yake ya kazi kabla hajanitajia ukoo wake. Akanieleza anachodai, mwezi baada ya mwezi, bila kuangalia karatasi hata moja. Mke wake alikuwa mlangoni akichagua maharagwe kwenye ungo. Nikamuuliza: “Papa, siku ile uliporudi na barua hii, ulimweleza mama moyo wako ulikuwaje?”

“Anajua,” akasema.

Mama hakuinua kichwa. “Baba ya watoto, nijue nini? Uliingia, ukaweka barua juu ya kabati, ukaenda kulala saa nane mchana. Nikampa mtoto wetu wa kwanza anisomee.”

Yule mzee akaanza kuzikusanya karatasi, akazifunga vibaya, zikamwagika. Mama akaacha maharagwe, akaja kumshikia mfuko.

Hapo kuna watu watatu walioumia siku moja, kila mmoja peke yake: baba kitandani, mama jikoni, na mtoto aliyesoma kwa sauti barua ambayo hakupaswa kuwa wa kwanza kuisoma. Hakuna hata mmoja aliyemkosea mwenzake. Walikosa namna ya kuketi pamoja juu ya jambo hilo, kwa sababu desturi yetu inatufundisha la kufanya maiti ikiwa ndani, na hapa hapakuwa na maiti. Mtaalamu wa Marekani Kenneth Doka aliandika 1989 juu ya huzuni za namna hii, huzuni ambazo jamii haizitambui, kwa hiyo mwenye nazo hapewi haki ya kuzililia. Anaweza kuwa mpenzi ambaye ukoo haukumjua, mama aliyeharibikiwa na mimba, mtu aliyepoteza kazi. Huzuni yenyewe haipungui kwa kutotambuliwa. Inatafuta mlango mwingine.

Mlango wa kwanza ni haya. Haya humtuma mtu ajifiche, na aliyejificha hawezi kufarijiwa. Mama anapouliza asubuhi, “Leo tutakula nini?”, anauliza habari ya unga. Baba aliyejaa haya anasikia, “Wewe ni mwanamume gani?” Anaondoka. Kwa kuwa ameondoka, mama anauliza tena jioni, kwa sauti ya juu zaidi, na baba anaondoka mbali zaidi. Watafiti wa ndoa wameona mzunguko huu katika nchi nyingi: mmoja anafuata, mwingine anakimbia, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Mwisho wake ni hasira, na hasira hiyo imewapiga wake na watoto wengi sana kwenye nyumba zetu. Nasema wazi: kuelewa hasira inatoka wapi hakumpi mtu ruhusa ya kupiga. Mama anayepigwa asiambiwe avumilie kwa sababu mume ana huzuni. Kwanza awe salama, mengine yafuate.

Na akina mama hawa walifanya nini? Walilisha mji. Wale ambao kampuni iliwafundisha kushona na kungojea poso ndio waliokwenda kulima mashamba mbali na kambi, wakachoma makala, wakauza chumvi kwa vijiko na mafuta kwa chupa ndogo kando ya barabara. Mama akawa na fedha, baba akawa na cheo. Nyumba nyingi zilishindwa kulizungumza jambo hili hata mara moja. Nimekutana na mama aliyekuwa akimpa mumewe fedha kwa siri, ili yeye ampe tena mezani mbele ya watoto. Lile lilikuwa tendo la upendo, nami nalistahi. Lakini mama yule aliniambia alikuwa amechoka, na uchovu wake haukutokana na kilimo.

Huzuni isiyosemwa huingia mwilini pia. Mliokulia mijini mnakumbuka picha zilizotundikwa sebuleni, kazi za wachoraji wa Lubumbashi na Likasi. Mojawapo watu waliiita Inakale. Mtu amepanda mti ulioinamia mto. Chini ukingoni yupo simba, majini yupo mamba, na juu kwenye tawi nyoka anamshukia. Wafanyakazi waliinunua kwa fedha zao na kuiweka mahali ambapo wageni wataiona. Mtu yule mtini, mwili wake umejiandaa kupigana au kukimbia: moyo unapiga, misuli imekaza, usingizi hauji. Mwili umeumbwa kukaa hivyo dakika chache, hatari ikapita, ukatulia. Ukikaa hivyo miezi, miaka, inakuja presha, tumbo linauma bila ugonjwa kuonekana, mtu anasahau, anafoka kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Wengi wamezunguka hospitali na dawa za kienyeji wakitafuta ugonjwa wa tumbo, na hakuna aliyewauliza wanawaza nini usiku.

Mlango wa pili unanitia uchungu kuliko wote, nami naomba wachungaji wanisikilize kwa subira. Familia iliyoteseka muda mrefu bila maelezo hutafuta maelezo. Kampuni iko mbali, Kinshasa iko mbali, bei ya shaba inapangwa London. Mtoto yuko karibu. Anakojoa kitandani, anaota ndoto mbaya, anakula sana, ni yatima aliyeachwa na shangazi, ana ulemavu. Na siku moja mtu anasema, mara nyingine ndani ya nyumba ya maombi, kwamba mtoto huyu ndiye aliyefunga kazi ya baba. Kuanzia hapo nyumba inapata nafuu ya uongo. Mashaka yamepata jina, hasira imepata pa kwenda, na mtoto anaishia barabarani, mfungwa wa moyo wake mwenyewe, akiamini ameua bahati ya wazazi wake. Kukojoa kitandani na ndoto mbaya ni dalili za kawaida kabisa za mtoto mwenye hofu. Mtoto anahisi msiba ambao wakubwa wamekataa kuutaja, anauonyesha kwa mwili, kisha anahukumiwa kwa kuuonyesha. Sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi na inaweka kifungo kwa anayefanya hivyo. Mchungaji anayekaa kimya mbele ya tuhuma kama hiyo anajua mtoto ataelekea wapi.

Mtaniuliza: saikolojia ilikuwa wapi siku zote hizi? Ilikuwepo. Ilifika Katanga mapema kuliko wengi wanavyodhani. Miaka ya 1950 Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia huko Élisabethville, na watafiti kama Laroche na Verhaegen waliwapima watoto na vijana kwa majaribio ya maumbo na michoro ya kukamilisha. Walichapisha matokeo yao Ulaya, na mengine yalikuwa ya busara, kwa mfano walipoonyesha kwamba mtoto akizoea jaribio alama zake hupanda, kwa hiyo alama za mara ya kwanza zisiaminiwe haraka. Lakini swali la kampuni lilikuwa: huyu anaweza kazi gani? Swali la jinsi alivyo moyoni halikuwa na bajeti.

Swali hilo liliulizwa kwingine, na kwa Kiswahili. Huko Kolwezi, katika miaka hiyohiyo, padri Mfransisko Placide Tempels, yule aliyeandika juu ya falsafa ya Kibantu 1945, alianza kuketi na wafanyakazi wa migodi na wake zao. Kundi hilo likawa Jamaa, likaenea kambi kwa kambi. Mtaalamu Johannes Fabian alilichunguza miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu yake 1971. Walizungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Waliooana waliingia pamoja, mume na mke, na sehemu kubwa ya mafundisho ilikuwa mume kumfunulia mkewe mawazo yake na mke kumfunulia mumewe. Kanisa Katoliki lenyewe baadaye lilibishana na mafundisho mengine ya Jamaa, na sisi Wamethodisti hatuna haja ya kuingia ugomvi ule. Mimi nashika jambo moja: mchimbaji wa shaba wa 1955, aliyetoka zamu na vumbi masikioni, aliweza kufundishwa kumwambia mke wake anachoogopa. Anayesema kwamba wanaume wa Katanga hawakuumbwa kusema hayo, historia ya Kolwezi inamkanusha.

Na je, kusema kunasaidia kweli, au ni maneno ya sisi wasomi? Imepimwa. Mwaka 1994 huko Marekani, mwanasaikolojia James Pennebaker na wenzake walichukua wahandisi walioachishwa kazi baada ya miaka mingi, watu wenye uchungu mkubwa. Wengine waliombwa kuandika kwa siku chache mawazo na hisia zao juu ya kupoteza kazi. Wengine waliandika mambo ya kawaida, au hawakuandika. Miezi ilipopita, wengi zaidi katika kundi la kwanza walikuwa wamepata kazi mpya, ingawa hawakuwa wameomba kazi mara nyingi kuliko wenzao. Huenda walikwenda kwa waajiri wakiwa wameacha sehemu ya hasira yao kwenye karatasi.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Uganda. Katika wilaya za Masaka na Rakai, zilizoumizwa sana na ukimwi, watafiti walijaribu tiba ya vikundi, na matokeo yalichapishwa 2003. Wanavijiji wenye huzuni nzito walikutana mara moja kwa juma, majuma 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliofunzwa kwa muda mfupi na wanaosema lugha yao. Tiba yenyewe inatazama mambo ambayo bibi yeyote angeyataja: kufiwa, ugomvi kati ya watu, na kubadilika kwa nafasi ya mtu katika maisha. Huzuni ilipungua sana kuliko katika vijiji visivyopata vikundi. Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza 2006 kuwaweka akina bibi waliofunzwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wamsikilize mtu anayewaza kupita kiasi na kumsaidia achague tatizo moja la kulianza. 2016 jaribio kubwa likaonyesha kwamba wanaoketi benchini wanapata nafuu zaidi kuliko wanaopata huduma ya kawaida. Na kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, wanawake waliobakwa vitani walipata tiba ya vikundi kutoka kwa wasaidizi wa kijamii wa hapohapo, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha nafuu kubwa, tena vita vikiwa bado vinaendelea.

Kazi hii basi inaweza kufanywa na walimu, mashemasi, wauguzi na akina mama wa kanisa, wakifunzwa na wakisimamiwa. Yako mambo wasiyapokee peke yao. Anayesema anataka kufa, anayesikia sauti, asiyelala kabisa kwa majuma, apelekwe kwa wenye ujuzi. Lubumbashi kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Kumpeleka mtu huko si aibu kwa ukoo.

Wala vikundi visichukue nafasi ya haki. Walioondoka 2003 walidai hesabu zao, wakapeleka malalamiko hadi Benki ya Dunia, na mtu anayedai haki yake asiambiwe kwamba anachohitaji ni kutulia moyo. Nawahimiza waendelee kudai. Ila nimeona wanaume ambao deni ndilo lililobaki kuwa maisha yao yote, wakafa wakiwa na mfuko wa nailoni mikononi, na wake zao hawakuwahi kuambiwa neno lingine.

Vijana mlio hapa mtasema hayo ni ya wazee. Nyinyi mna malori ya Fungurume na Kolwezi yanayopita usiku na mchana, mna kaka zenu wanaochimba kwa mkono, mna mikataba ya miezi mitatu kwa kampuni za nje. Kijana anayechimba hupata fedha nyingi juma hili na hana kitu juma lijalo. Hawezi kujua kama ni tajiri au maskini, na mke wake hajui amsubiri nani jioni. Huzuni yake ni changa kuliko ya baba yake, lakini namna ya kuinyamazia ameirithi.

Kwa hiyo naomba tuanze, tena hapa, kabla mvua haijafunga njia. Kundi la kwanza liwe la wanaume wanane au kumi, wazee waliotoka kazini na vijana wawili watatu wachimbaji kati yao. Wakutane mahali ambapo si kanisani wala si kwenye baa, chini ya miti ya shule panatosha, siku moja kwa juma, saa ileile. Kiongozi asihubiri. Juma la kwanza kila mmoja aeleze kazi aliyofanya, aitaje kwa ufundi wake, mashine aliyoshika, mgodi, mkuu wa zamu. Wanaume husema vizuri wakianzia kwenye kazi. Juma la pili aeleze siku ilipokwisha: alikuwa amevaa nini, alipita njia gani kurudi, alimkuta nani nyumbani. Anayelia asinyamazishwe, na asiyeongea asilazimishwe. Yasemwayo pale yabaki pale. Akina mama nao waanze kundi lao juma hilohilo, wakiongozwa na mama. Baada ya juma la sita, wale watakaopenda waketi pamoja, wake na waume wao, naye mume amweleze mkewe mambo mawili tu: siku ile ilikuwaje, na kitu gani alichofanya mama tangu siku ile ambacho hajawahi kumshukuru. Karatasi ya kuandika majina iko mlangoni, kwa katibu wetu. Anayeona haya kuandika mbele ya watu anaweza kuja kesho asubuhi, ofisi itakuwa wazi tangu saa mbili.